Nimeona basi

Aliyenipoteza ni kaka mmoja wa vichekesho, mtu wa jukwaa miaka nenda rudi hapa Iringa. Nilimwambia nimejiunga na kikundi cha maigizo yasiyoandikwa: mtu wa hadhira anasimulia jambo lililompata, nasi tunaliigiza palepale mbele yake. Akanipiga bega. "Mdogo wangu, wewe wachekeshe tu. Wakicheka umemaliza kazi. Na mwishoni usisahau funzo." Nikayameza kama dozi.

Sanaa hii, kwa Kiingereza Playback Theatre, ilianza mwaka 1975 huko jimbo la New York, Marekani, kwa Jonathan Fox na Jo Salas. Mwongozaji anamhoji msimuliaji, msimuliaji anachagua mwenyewe nani aigize nafasi yake, pembeni kuna mpiga muziki. Kisha mwongozaji anasema "Tutazame", na hapo hakuna kunong'onezana wala kupangana. Wengi wanaichanganya na ile ya Augusto Boal wa Brazil, ambayo mtazamaji anasimamisha igizo na kuingia kulibadilisha. Sisi kazi yetu ni kumrudishia mtu kisa chake.

Tulifanyia mazoezi Kihesa, darasa la kuazima, jioni za Juni ambazo ukivua koti unajuta. Viti vyetu kreti za soda. Mitandio ya kuigizia tuliokota kwenye mitumba Mashine Tatu, yote haikuzidi elfu kumi na kitu. Chukua ya rangi moja. Yenye maua haiwezi kuwa mto, wala usiku, wala sanda.

Sasa siku yangu ya kwanza mbele ya watu. Mama mmoja akakaa kwenye kiti cha msimuliaji. Alikuwa anatoka Dar kuja kumzika baba yake, basi likawafia Kitonga usiku. Abiria chini, dereva na kondakta wanatupiana lawama, kuna mtu ana jogoo kwenye kikapu. Yeye amekaa juu ya jiwe, simu mkononi, ndugu wanapiga: "Mmefika wapi?" Hilo neno alilisema mara tatu. Mimi sikulisikia hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshapewa ukondakta na akili yangu iko kwa jogoo.

Ndugu zangu, niliigiza! Nilining'inia kwenye mlango usiokuwepo, nikadai nauli ya jogoo, nikamfukuza jogoo hadi safu ya tatu. Watu hoi. Dada aliyechaguliwa kuwa yule mama alijaribu mara mbili kupokea simu, mara zote mbili nikampitia mbele nikiwika. Halafu, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi mtiifu, nikasimama katikati nikatoa funzo: "Wananchi, tukague magari kabla ya safari!" Kumwambia mfiwa.

Igizo likiisha tunamgeukia msimuliaji, tunasimama kimya tukimtazama. Mwongozaji akamuuliza, "Mama, umekiona kisa chako?"

"Nimeona basi."

Ukumbi ukacheka, wakidhani anasema imetosha. Sisi tuliokuwa mbele tuliyaona macho yake. Akaongeza taratibu, "Mimi mwenyewe sikujiona."

Nilitaka kuacha. Aliyenizuia ni mpiga muziki wetu, dada ambaye ala yake kubwa ni kopo la maharage makavu. Alinicheka kwanza, vya kutosha, kisha akanipa kanga kuukuu. Msimuliaji akiongea, ishike mapajani; akirudia neno, au sauti ikishuka, funga fundo. Ukiingia kuigiza, ingia na mafundo hayo tu. "Ukifika mafundo saba," akasema, "ujue unajisikiliza mwenyewe." Wiki ya kwanza kanga yangu ilikuwa kama kamba ya kuvutia ndoo kisimani.

Miezi kadhaa baadaye mzee mmoja akasimulia utoto wake kijijini. Alikuwa akiamka alfajiri kuiba ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwenye mianzi ya baba yake mdogo. Yule baba alijua. Hakuwahi kusema neno, ila kila asubuhi kuna mbeta moja, kile chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi, aliiacha ina nusu. Nikachaguliwa kuwa baba mdogo. Mafundo yangu mawili: alijua, nusu.

Nilikunja mtandio wa njano ukawa mbeta, nikauweka chini, nikageuka nikawapa mgongo. Basi. Sikufungua mdomo. Nyuma yangu nikasikia nyayo za mtoto, zikasita, zikarudi. Kopo la maharage likatikisika kidogo, kama mvua inayoanza.

"Alikuwa anasimama hivyohivyo," mzee akasema alipoulizwa. "Mgongo." Nao mgongo hakuwa ameutaja.

Baadaye alinifuata mlangoni. "Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe, akanishika mkono, akataka kujua mimi ni wa ukoo gani. Kaka wa vichekesho naye alikuwepo siku hiyo. Alinisubiri nje, kola imepandishwa kwa baridi.

"Nimeipenda," akasema. "Ila funzo lilikuwa wapi?"

Nikamnunulia chai.