Nilivyowashusha Nile wageni wangu kutoka Mombasa

Binamu zangu waliponiandikia kwamba wanakuja Jinja likizo na wanataka kushuka Nile kwa rafti, boti ya mpira ya kupitia maporomoko, nilianza na njia za kutokea mtoni. Kampuni na bei vilingoja. Nilikodi boda, tukashuka na ukingo wa mashariki, upande wa Busoga, hadi maporomoko ya Itanda, takriban kilomita 30 kutoka mjini. Kila tulipokuta njia ya kuteremkia majini nilisimama nikawauliza wenyeji: gari linafika hapa? Mvua ikinyesha je? Simu inashika, na laini gani? Mtu akiteguka bega katikati ya maporomoko, boti haina uwezo wa kupanda mkondo kumrudisha alikotoka. Itamtoa mbele tu, na huko mbele awepo mtu anayemngoja na gari lenye mafuta. Niliandika majina ya vijiji na namba za simu kwenye karatasi, nikaipeleka duka la fotokopi ikapigwe lamination. Nakala moja alibaki nayo dereva, nyingine ilipanda boti.

Kisha mto wenyewe. Nile inatoka Ziwa Victoria hapa Jinja, na haijaenda mbali inakutana na mabwawa ya umeme: Nalubaale, lililozinduliwa 1954 likiitwa Owen Falls, na jirani yake Kiira. Mbele kidogo lipo Bujagali, lililoanza kazi 2012 na kuyafunika maporomoko ya jina hilohilo. Chini zaidi, tangu 2019, lipo Isimba, na ziwa lake limemeza maporomoko mengine. Ndiyo maana sikuzitegemea habari za rafiki aliyeshuka mto huu zamani, hata awe mzoefu namna gani. Alipopita yeye pengine leo ni maji tuli ya kuvulia sato. Maji makali yaliyobaki yako kati ya Bujagali na mkia wa ziwa la Isimba, na maporomoko ya Itanda na Kalagala yako humo. Serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia 2007 kwamba eneo hilo lihifadhiwe kufidia kilichopotea Bujagali. Mimi naomba makubaliano hayo yaheshimiwe, maana ukisimama pale ukaona mto mzima unavyojipenyeza kati ya mawe na visiwa, unaona tutakachokosa.

Mabwawa yana jambo jingine: maji yanafunguliwa kufuata mahitaji ya umeme na hali ya ziwa. Mwaka 2020 ziwa lilijaa kuliko lilivyowahi kupimwa hadi wakati huo, na mabwawa yakaachia maji kwa wingi. Hata siku ya kawaida kiwango hupanda na kushuka. Poromoko lililokuwa la kuchezea asubuhi laweza kukutana nawe mchana likiwa na sura nyingine kabisa, na si lazima maji mengi yawe ndiyo mabaya: mengine huwa makali zaidi maji yakipungua na mawe yakijitokeza. Kwa hiyo swali langu kwa kila kampuni lilikuwa: leo maji yakoje, na yakibadilika mnafanya nini?

Kampuni moja ilinijibu "hakuna shida" kwa kila nilichouliza. Kayaki, mitumbwi midogo ya uokoaji, ngapi? Hakuna shida. Asiyejua kuogelea je? Hakuna shida. Nikawashukuru, nikaenda zangu. Niliowachagua walinijibu kwa swali: kuna mwenye pumu, kifafa, mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni? Nani anaogopa maji? Mwongozaji wao, Msoga mwenye mabega ya mvuvi, alinieleza poromoko kwa poromoko tutapita wapi na kwa nini. Kila rafti ingekuwa na kayaki karibu yake ya kuokota watu, na boti moja ya makasia marefu ingebeba sanduku la huduma ya kwanza, ikiwa pia na nafasi ya aliyechoka. Hiyo nafasi ya aliyechoka ndiyo iliyonifanya nitoe hela.

Kabla hawajapanda basi la Malaba, shangazi alinipigia kutoka Kisauni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huo mto si una mamba?"

Nilimwambia mamba na viboko wengi wa Nile wako mbali kule chini, kwenye hifadhi ya Murchison, na kwamba hapa ninachokihofia ni maji yenyewe. Sikumficha, kwa kuwa ni yeye aliyewalea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi asiyetaka asilazimishwe." Sharti hilo nililitangaza kwa wote jioni ile walipofika, mbele ya chai na kabalagala: yeyote anaweza kukataa poromoko lolote, dakika yoyote, na hataulizwa sababu wala kutaniwa. Aliye bora katika kundi naye asimshawishi mwenzake.

Tulizungumzia mavazi pia, jambo ambalo vipeperushi vya watalii havina habari nalo. Binamu zangu wawili wanajisitiri. Buibui na dera majini ni hatari: kitambaa kipana kinashika mkondo na kunasa kwenye kamba. Walivaa suruali ya kubana ya michezo, fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, na hijabu fupi ya michezo isiyo na pini, ambayo helmeti inakaa juu yake vizuri. Pete, cheni na bangili zote zilibaki kwenye mkoba. Mwenye miwani aliifunga kwa kamba kisogoni.

Asubuhi kwenye ukingo nilitumia muda mrefu kwenye majaketi ya kujiokolea kuliko kwenye jambo jingine lolote. Shemeji alikuwa amefunga lake, akaona limemkaa. Mwongozaji akashika mikanda ya mabega, akavuta juu: jaketi likapanda hadi masikioni. Alilegeza mikanda yote, akaanza upya kukaza ule wa chini kabisa kiunoni, kisha wa katikati, kisha wa kifua, mabega mwisho. Akavuta tena. Halikusogea. "Nyabo, kama unapumua kwa raha sana, bado," akamwambia. Nilimpitia kila mmoja kwa mtihani huohuo, na mwongozaji akapita nyuma yangu.

Baada ya hapo mazoezi kwenye maji yaliyotulia: kuangukia mtoni makusudi, kuelea chali miguu ikiwa juu na mbele, kushika kamba ya kurushiwa ukiilaza begani, kuvutwa ndani ya boti kwa mikanda ya jaketi. Walikatazwa kabisa kusimama kwenye maji yanayokimbia, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unamlaza mtu kifudifudi na hainuki tena. Binamu mdogo, asiyejua kuogelea, alirudia zoezi hadi akaacha kukunja uso.

Kwenye poromoko la Bubugo tulipinduka. Nilisikia amri ya "chini!", kisha maji puani na kelele yote ikakatika. Nilipoibuka nilihesabu helmeti kabla sijavuta pumzi ya pili. Wote walikuwepo, wawili wakiwa wameshika kamba ya pembeni ya rafti kama walivyofundishwa, na binamu mdogo akiwa tayari amelalia pua ya kayaki. Baada ya poromoko pale kuna bwawa pana lililotulia, na hiyo ndiyo rehema ya sehemu hii ya Nile: maji yanakupiga, kisha yanakuacha uokotwe.

Itanda hatukuishuka. Wengi wanaipa kati ya daraja la 5 na la 6, na 6 ndiyo mwisho wa kipimo cha ugumu wa maporomoko. Tulishuka boti juu yake, tukapita nchi kavu kwa miguu, tukaitazama kutoka kwenye miamba. Shemeji na binamu mmoja waliamua hapohapo kumalizia safari kwenye boti ya makasia, na hakuna aliyewauliza kitu. Mchana mawingu yalijaa kutoka upande wa ziwa, radi ya kwanza ikasikika, mwongozaji akatutoa majini. Eneo hili lina radi nyingi, naye hakuturudisha hadi ikapita nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Vijana walinung'unika. Mimi nilimwambia, "Webale, ssebo," yaani asante, bwana.

Kilichobaki ni kichocho, ambacho Nile na Ziwa Victoria vinacho. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo waliokomaa, wachanga haiwaui, kwa hiyo kuimeza usiku wa safari hakusaidii. Niliweka kumbusho kwenye simu, na ilipofika kati ya wiki ya 6 na ya 8 niliwaandikia wote waende kituo cha afya wapimwe na kupewa dozi kulingana na uzito. Shangazi ndiye aliyejibu wa kwanza: kesho yake angewapeleka mwenyewe.