Vilele vitano, na sahihi ya mjomba

Sampuli ya damu ya kupima amonia, taka inayobaki protini ikivunjwa, ikinifikia bila barafu naitupa. Wanafunzi wapya hunichukia kwa hilo, maana mgonjwa ameshachomwa sindano, fomu imejazwa, na mtu amepanda nayo ngazi mbio. Lakini damu haiachi kazi kwa kuwa tu imetoka mwilini. Seli nyekundu zinaendelea kutoa amonia, glutamini, kemikali inayobeba amonia, inaanza kuvunjika, na ikishakaa mezani nusu saa unachopima ni uzembe wa aliyeibeba. Hata mpira ukikazwa mno mkononi, au mgonjwa akiambiwa akunje na kukunjua ngumi, namba inapanda, kwa sababu msuli nao una amonia yake.

Nikiulizwa nafanya kazi gani, nasema napima amino asidi, matofali ya kujengea protini, kwenye plazma (majimaji ya damu bila seli zake) ya watu wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu mpaka limekuwa gumu na la nundunundu. Kwa kawaida mazungumzo huishia hapo. Leo nayaendeleza kwa sababu wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: baba yake ana sirosisi, ameshachanganyikiwa mara mbili, na ndugu wanamwambia aache protini kabisa. Je, ni kweli?

Nianzie mezani kwangu. Plazma naichanganya na asidi ya salfosalisiliki, protini inaganda nyeupe kama maziwa yaliyokatika, naizungusha kwenye sentrifuji, na maji ya juu ndiyo yanayoingia mashineni. Mashine yetu ni ya zamani, ya mtindo uliotokana na kazi ya Stanford Moore na William Stein, waliopata Nobel ya kemia mwaka 1972. Amino asidi zinapita kwenye bomba jembamba lililojaa chembe za resini, kila moja inachelewa kwa kadiri yake, na zikitoka zinakutana na ninhidrini na kugeuka zambarau. Prolini hutoka njano, sijui kwa nini hilo hunifurahisha mpaka leo. Sampuli moja inachukua zaidi ya saa mbili, na mwisho unapata grafu ndefu yenye vilele kama safu ya milima.

Vilele ninavyovitafuta kwanza ni vitano, na vimekaa karibu karibu: valini, kisha isoleusini na leusini zilizoshikana kama pacha, kisha tirosini, kisha fenilalanini. Tatu za kwanza tunaziita zenye matawi, mbili za mwisho zenye pete. Kwa mtu mzima wa afya, ukijumlisha zenye matawi na kugawa kwa zenye pete unapata kama 3 na kidogo. Kwa mwenye sirosisi iliyokomaa unaweza kupata chini ya 1.5. Huhitaji hata kikokotoo. Mapacha wamefupika, na majirani zao wawili wameota mabega.

Uwiano huu unaitwa wa Fischer, kwa jina la daktari mpasuaji Mmarekani Josef Fischer. Mwaka 1971 yeye na Ross Baldessarini walitoa dhana kwamba amino asidi zenye pete zikizidi huingia ubongoni na kutengeneza wajumbe wa uongo wa neva, oktopamini kwa mfano, wanaokalia nafasi za wajumbe wa kweli, na mgonjwa anachanganyikiwa. Ni dhana tamu kuisimulia, nami niliisimulia kwa miaka. Shida ni kwamba mwaka 1978 Marsha Morgan na wenzake jijini London walionyesha kuwa uwiano huo unashuka hata kwa wagonjwa wenye akili timamu kabisa. Namba inakuambia ini limechoka kiasi gani. Haikuambii nani atachanganyikiwa kesho.

Kwa nini basi zenye pete hupanda, ni rahisi: ini ndilo mahali pakuu pa kuzivunja, nalo likilegea zinarundikana. Kilichonichukua muda kukielewa ni kwa nini zenye matawi hushuka, maana ini halina shughuli nazo sana. Kimeng'enya cha hatua ya kwanza ya kuzivunja ni kidogo mno kwenye seli zake, kwa hiyo zinapita tu na kwenda kutumika kwenye misuli.

Jibu lipo kwenye amonia. Ini zima huigeuza amonia kuwa urea, taka inayotoka na mkojo, kwa mzunguko ambao Hans Krebs na Kurt Henseleit waliufichua mwaka 1932 wakitumia vipande vyembamba vya ini la panya. Mzunguko huo ukizorota, amonia inabaki inazurura kwenye damu na kuvuruga ubongo, na kiungo kinachojitolea kuibeba ni msuli. Msuli huibandika kwenye glutamati, amino asidi nyingine, na kutengeneza glutamini. Ili glutamati isiishe, unachoma leusini, isoleusini na valini. Hapo ndipo mapacha wangu wanapopotelea. Na kazi yenyewe ni ya mkopo, kwa sababu glutamini ikifika kwenye utumbo na figo huvunjwa tena na sehemu ya amonia inarudi barabarani.

Sasa mfikirie mtu ambaye ini lake limeshindwa, msuli ndio unaomshikia, halafu unamnyima kitu kinachojenga msuli.

Ushauri wa kukata protini haukuzuka hewani. Mwaka 1877 daktari Mrusi Nikolai Eck aliunganisha mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini na mshipa mkubwa unaorudi moyoni, kwa mbwa, ili damu ilikwepe ini. Mwaka 1893 kundi la mtafiti Ivan Pavlov huko St. Petersburg, Urusi, likaripoti kwamba mbwa wa namna hiyo wakilishwa nyama walikuwa wakali, wakayumba, wengine wakazimia. Kutoka hapo hadi kumwambia mgonjwa wa ini asiguse protini ni hatua fupi, na vizazi vya madaktari viliichukua kwa nia njema.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa walioambiwa. Gramu 20 kwa siku, akaandikiwa kwenye karatasi. Aliyempimia kwa mizani nilikuwa mimi, mpwa wake msomi wa maabara, na nilijivuna kwamba hazidishi hata gramu moja. Miezi michache baadaye vipaji vya uso vilikuwa vimebonyea pembeni, na ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imekwisha, pamebaki bonde. Akiinuka kitini alisukuma mikono kwanza. Kazini kila siku nilikuwa naangalia mapacha waliofupika, na nyumbani sikuona chochote. Damu yake sikuwahi kuipima, maadili hayaruhusu kupenyeza ndugu kwenye foleni ya utafiti, lakini nisijifiche nyuma ya hilo. Bonde la mkononi halihitaji mashine.

Kilichonizindua ni utafiti mdogo wa Barcelona, wa Córdoba na wenzake, 2004. Wagonjwa 30 waliolazwa wakiwa wamechanganyikiwa waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilianza bila protini na kupandishwa polepole, jingine lilipewa gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito tangu siku ya kwanza. Akili zilirejea kwa mwendo uleule. Tofauti ilikuwa kwamba waliokatiwa protini walivunja zaidi protini za miili yao wenyewe. Niliisoma nimesimama kwenye korido, nikairudia nimekaa.

Siku hizi miongozo ya wataalamu wa ini na lishe inasema gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Linganisha na zile 20 zangu. Wenye kasoro ya kuzaliwa nayo kwenye mzunguko wa urea wana hesabu yao tofauti kabisa, wao protini hupunguzwa kweli, na pengine ndiyo maana mambo haya huchanganywa.

Unga wa amino asidi zenye matawi nao huulizwa sana. Italia waliujaribu kwa wagonjwa 174 (2003), Japani kwa 646 (2005), na matatizo ya ini yalipungua kiasi. Majaribio 16 yenye wagonjwa 827 yalipochambuliwa kwa pamoja, kuchanganyikiwa kulipungua, vifo havikubadilika. Ni mchungu, na baadhi huuacha kwa ladha tu. Mimi nauona ni msaidizi, na anayeununua huku akijinyima chakula cha kawaida amegeuza mambo kichwa chini.

Ningekuwa na nafasi ya kumwambia mgonjwa kitu kimoja, ningezungumzia usiku. Ini lenye makovu halina ghala la kutosha la glukosi. Mtu wa kawaida hukesha na akiba hiyo, mwenye sirosisi akiamka asubuhi mwili wake unafanana na wa mtu aliyefunga siku mbili au tatu, na glukosi inayokosekana inatafutwa kwa kubomoa msuli. New Zealand, mwaka 2008, waliwapa wagonjwa kirutubisho kilekile, wengine mchana, wengine usiku kabla ya kulala. Baada ya mwaka, wa usiku walikuwa wameongeza kama kilo 2 za nyama ya mwili, wa mchana hawakuongeza.

Kwa hiyo msomaji wangu, baba asiache protini. Mpelekeni kwa daktari wake na mtu wa lishe wakiwa pamoja, na muulize nini kilimchanganya mara zile mbili, maana mara nyingi kuna kichochezi: maambukizi, kutokwa damu tumboni, dawa za usingizi, choo kufunga.

Hilo la mwisho nina sababu ya kulitaja. Nilikuwa na daftari ambalo mjomba alitia sahihi yake kila asubuhi, maana mwandiko hupotoka kabla ya maneno. Bado ninalo. Jina lake linaishia kwa herufi yenye mkia mrefu wa madaha, alijifunza ujanani na hakuwahi kuuacha. Kwenye kurasa za miezi ile ya gramu 20 kuna asubuhi ambayo mkia haupo, kesho yake herufi mbili zimepandana, siku ya tatu ni mkwaruzo tu. Pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Protini imezidi?" Na kwenye safu ya choo, ukurasa huohuo, kwa mkono wangu huohuo, kuna vistari vinne mfululizo vya hakuna.