Mkono wa Mama na kipimo cha neva

Asubuhi tuliyoteremka kutoka Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kwenda Moshi mjini ilikuwa ya mwezi wa Julai, ukungu ulikuwa bado haujapanda, na mikono ya Mama ilikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni. Tulifika hospitali tukiwa na barua ya daktari iliyoomba apimwe neva, yaani mishipa ya fahamu, na misuli ya mikono yote miwili. Mtaalamu alimwamkia, akamshika vidole, akamwekea kipimajoto juu ya ngozi ya kiganja, kisha akasema kwa upole, “Mama, hatuanzi sasa. Tupashe mikono kwanza.” Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, na kwa karibu robo saa Mama alikaa akiwa ameilaza mikono yake humo.

Nilidhani ni ukarimu tu, lakini baadaye alinieleza kuwa neva iliyopoa hupeleka taarifa polepole. Ngozi ya mkono inapaswa kuwa na joto la nyuzi 32 hivi, na kila nyuzi moja inayopungua hupunguza mwendo wa neva kwa takriban mita 2 kwa sekunde. Mkono wa Mama ulikuwa na nyuzi 27. Angepimwa vile vile, hata neva zake zilizo salama zingeonekana mbovu, na sisi tungerudi mlimani na ugonjwa ulioletwa na baridi ya Julai. Ninalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu yeyote anayekwenda kupimwa katika miezi ya baridi, Moshi au Arusha, ana haki ya kuomba mikono na miguu yake ipashwe joto.

Mama ni fundi cherehani kwa zaidi ya miaka 30. Shida yake ilianza kwa ganzi ya usiku: aliamka saa nane au saa tisa, akaukung'uta mkono wa kulia kando ya kitanda mpaka hisia zirudi, kisha akalala tena. Kidole gumba, cha shahada na cha kati ndivyo vilivyokufa ganzi, na kidole kidogo hakikuguswa kabisa. Kwa miaka miwili alipewa dawa za maumivu katika kituo kimoja cha afya na kuambiwa ni baridi yabisi, kisha akaambiwa ni umri. Hakuna aliyeuliza ni vidole vipi. Nadhani hata neno letu lilituponza, kwa sababu Mama alikuwa akisema “mishipa inanisumbua,” na kwa Kiswahili cha kila siku mshipa waweza kuwa wa damu, waweza kuwa wa fahamu, waweza kuwa kano, na wapo wanaoita hivyo hata ngiri. Msikilizaji mwenye haraka huchagua maana iliyo karibu naye.

Daktari aliyetuelekeza kwenye kipimo hakuanza na mashine. Aliviweka viganja vya Mama juu ya meza, kimoja kando ya kingine, akatuonyesha jambo ambalo sisi tunaoishi naye hatukuwa tumeliona: ile nyama iliyotuna chini ya kidole gumba cha kulia ilikuwa imebonyea, kama mto wa kochi uliokaliwa siku nyingi. Alishuku kwamba neva ya mediani, ile inayohudumia vidole vile vitatu, ilikuwa inabanwa kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo inapita pamoja na kano 9 za vidole ndani ya njia nyembamba iliyofunikwa na ukano mgumu. Hata hivyo, ganzi ya namna hiyo yaweza kutoka shingoni, na yaweza kuletwa na kisukari kinachoharibu neva za mwili mzima, ndiyo maana aliagiza sukari ipimwe na akaandika ile barua. Swali lilikuwa limekwisha kuulizwa vizuri kabla hatujafika kwenye umeme, na ninaamini kwa moyo wote kwamba kipimo hiki kina thamani pale tu kinapotanguliwa na mikono na macho ya daktari.

Kipimo chenyewe kina sehemu mbili. Katika ya kwanza, vibandiko vidogo vya kunasa umeme (elektrodi) hubandikwa juu ya ngozi, kisha neva hupewa mshtuko mfupi wa umeme kutoka nje. Mama alikuwa amejipaka mafuta vizuri, kama mtu aendaye mbele za watu, na ikabidi yafutwe kwa spiriti, kwa kuwa vibandiko havishiki na ishara hufifia penye mafuta. Kila mshtuko ulipopita, kidole gumba kiliruka chenyewe na wimbi likachoreka kwenye kioo. Mtaalamu aliishtua neva kifundoni, akaishtua tena kwenye kiwiko, akapima umbali kati ya alama zake mbili kwa futi ya kitambaa, ya aina ileile ambayo Mama huitundika shingoni akiwa kazini. Zilikuwa sentimita 22, na tofauti ya muda ilikuwa milisekunde 4 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), yaani mita 55 kwa sekunde, mwendo mzuri kwa neva ya mkono. Hesabu hiyo, ya umbali kugawanywa kwa tofauti ya muda kati ya sehemu mbili, ndiyo aliyoitumia mwanasayansi Hermann von Helmholtz huko Ujerumani mwaka 1850 kwenye neva ya chura, wakati ambapo wasomi wengi waliamini kwamba mwendo huo haupimiki.

Kutoka kwenye kiwiko hadi kifundoni, basi, njia ilikuwa safi. Taabu ilikuwa hapo kifundoni penyewe: taarifa ilitumia zaidi ya milisekunde 6 kufika kwenye msuli wa kidole gumba, ilhali ikizidi 4 na nusu huhesabiwa kuwa imechelewa. Wimbi lenyewe pia lilikuwa fupi. Mtaalamu alitufafanulia kuwa kuchelewa huonyesha kuumia kwa ala ya mafuta inayoizunguka neva, na ufupi wa wimbi huonyesha kwamba baadhi ya nyuzi za neva zenyewe zimekufa. Neva jirani, inayokwenda kidole kidogo, ilikuwa nzima, na hilo, pamoja na majibu mazuri ya sukari, lilituondolea hofu ya kisukari.

Sehemu ya pili ni ya sindano nyembamba inayoingizwa ndani ya msuli bila kuingiza dawa yoyote, kwani kazi yake ni kusikiliza. Msuli wenye afya uliotulia huwa kimya. Mama, ambaye sindano ya cherehani imekwisha kumpita kidoleni zaidi ya mara moja, hakusema neno, na chumba kilipokuwa kimya tukasikia kutoka kwenye spika mdundo mwepesi, mkavu, usiokoma. “Unasikia, mama? Kama rasharasha juu ya bati,” mtaalamu akasema, na kumbe ndivyo madaktari wa mambo haya wanavyoifananisha sauti hiyo kila mahali. Ni sauti ya nyuzi za msuli zilizopoteza neva yake. Akaichoma misuli mingine ya mkono na ya bega inayopata neva kutoka shingoni, nayo ilikuwa kimya. Shingo haikuwa na hatia.

Sauti ile haianzi siku neva inapoumia, bali huchukua wiki 2 hadi 3 kujitokeza, kwa hiyo anayepimwa siku chache tu baada ya ajali aweza kuambiwa yu salama kabla ya wakati. Vilevile kipimo cha umeme husoma neva nene peke yake. Jirani yetu mwenye kisukari huungua nyayo kila usiku, majibu yake yalitoka safi, na akaanza kudhaniwa kuwa anajisingizia. Neva nyembamba zinazobeba maumivu na joto hazionekani kwenye mashine hii, na maumivu yake ni ya kweli.

Hakuna haja ya kufunga kula. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, aseme mapema kabla ya chochote kuanza.

Mama alifanyiwa upasuaji mdogo wa kuukata ule ukano wa kifundoni. Ganzi ya usiku iliondoka upesi, ila nyama ya chini ya kidole gumba haijarudi yote, na hiyo miaka miwili ya vidonge huniuma kila ninapomwona akishika kifungo kwa vidole viwili na kukidondosha. Mkono wa kushoto ulionyesha kuchelewa kidogo tu bila nyuzi zilizokufa, hivyo analala akiwa ameufunga gango. Tumepangiwa kuurudia kuupima Januari, na Mama amefurahi kwamba safari hii hakutakuwa na baridi.