Mawe ya nyongo: chupa ya wifi na kilichonisaidia kweli

Yeyote anayekwambia mawe ya nyongo hutoka kwa kunywa mafuta ya zeituni na ndimu, mwombe ayatumbukize "mawe" yake kwenye maji ya moto. Wifi yangu aliyahifadhi kwenye chupa ya jamu ndani ya friji: vidonge vya kijani, laini, kama punje za mahindi. Alishinda bila kula, akanywa chumvi ya kumfanya aharishe, usiku akapiga kikombe cha mafuta na ndimu, alfajiri akavuna chooni. Nilichota kimoja kwa kijiko nikakitia kwenye maji ya chai. Dakika chache tu, kikawa utando wa mafuta ya kijani juu ya kikombe.

Jiwe la kweli haliyeyuki hivyo. Ni lehemu (kolesteroli) iliyoganda, au rangi inayotokana na damu iliyovunjika, kama kwa wenye selimundu. Vile vidonge ni sabuni: utumbo huvunja mafuta, asidi zake zikakutana na potasiamu ya ndimu, zikaganda. Altrasaundi ya wifi ilionyesha mawe yaleyale palepale. Na kinywaji chenyewe ni hatari, maana mafuta mengi hukibana kifuko cha nyongo kwa nguvu, jiwe likaweza kusukumwa hadi likaziba mrija.

Ushauri mwingine ulionikera ni wa kuambiwa maumivu yangu ni "vidonda vya tumbo". Nilimeza dawa za asidi muda mrefu bila nafuu. Maumivu ya nyongo hupanda, yakatulia juu kwa nusu saa hadi saa kadhaa, kisha yakaondoka. Hukaa chini ya mbavu za kulia au chembe cha moyo, yakatokea kwenye bega la kulia mgongoni. Mara nyingi ni usiku, baada ya chipsi au pilau la mafuta.

Ukienda altrasaundi, usile saa sita hadi nane. Maji sawa, chai ya maziwa hapana. Ukila, kifuko hujikamua na mawe hayaonekani vizuri. Mpimaji akugeuze ubavu wa kushoto: jiwe hubiringika na kuacha kivuli nyuma yake, kinyama, yaani kivimbe kilichoota ndani ya kifuko, hubaki kimeganda ukutani. Uliza na upana wa mrija mkuu wa nyongo. Milimita sita kushuka kwa kawaida ni salama. Ukizidi, na bilirubini (rangi ya njano ya nyongo kwenye damu) iko juu, huenda jiwe limeshuka mrijani, nalo hutolewa kwa kamera inayopitia mdomoni. Hospitali nyingi hazina kifaa hicho, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

Mimi nilitolewa kifuko kizima kwa matundu manne madogo. Gharama ilikuwa milioni kadhaa, bima ikabeba sehemu kubwa. Kuondoa mawe na kuacha kifuko hakufai, yanaweza kurudi. Vidonge vya kuyeyusha hufanya kazi kwa mawe madogo ya lehemu tu, kwa miezi mingi, na mara nyingi mawe hurudi. Baada ya upasuaji bega liliniuma kuliko tumbo, sababu ya gesi inayopulizwa ndani. Kutembea kuliisaidia iishe. Kinyesi kilikuwa chepesi wiki za mwanzo, nikapunguza mafuta, kikatulia.

Macho yakiwa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, na homa ya kutetemeka juu ya maumivu, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo.