Nilivyomchagulia dada Linux nyepesi ya laptopu yake ya zamani

Laptopu ya dada yangu ni Dell Latitude E6420, zile nzito za ofisini za mwaka 2011 ambazo zimejaa kwenye maduka ya used, ina Core i5 ya kizazi cha 2, RAM GB 4 na hard disk ya kuzunguka. Bodi iko vizuri, skrini nzima, na kibodi yake ni tamu kuliko laptopu nyingi mpya za bei ya kawaida. Ila Windows 10 muda wake wa kupewa apdeti za usalama uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, kwa hiyo mashine kama hii haimo kabisa kwenye hesabu. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi, kazi zake ni andalio la somo, kutunga mitihani na kufungua WhatsApp kwenye brauza. Akaniambia, "mdogo wangu, hela ya laptopu nyingine sina, fanya unavyojua ila nisije nikakaa mbele ya kitu nisichokielewa." Hilo ndo likawa sharti namba moja.

Linux ni mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, na iko ya aina nyingi. Sasa ukiuliza watu Linux ipi ni nyepesi, wengi wanakutajia RAM inayoliwa mfumo ukiwa umewaka tu, hujafungua chochote. Kwa kigezo hicho aina inayoitwa antiX inashinda kirahisi, Linux Mint ya Xfce (desktopu yake nyepesi) inakula mara mbili au tatu yake. Lakini dada hawashi laptopu aangalie desktopu, anafungua Firefox, humo kuna WhatsApp, barua pepe na video ya YouTube ya somo, na hapo brauza peke yake inapita GB 1 bila shida. Kwa mashine ya GB 4 zile MB mia kadhaa ulizookoa mwanzoni zinamezwa na tabu mbili tatu tu, wakati dada kuiona au kutoiona menyu pale alipozoea ni jambo la kila siku. Ndo maana nashauri mtu aangalie kwanza nani anaenda kuitumia, halafu ndo aje kwenye namba.

Nikachukua flashi ya GB 16 nikaiweka Ventoy, programu ya kuwashia mashine kutoka kwenye flashi. Uzuri wa Ventoy ni kwamba unakopi tu mafaili ya ISO (kila moja ni mfumo mzima) ndani yake kama unavyokopi nyimbo, ukiwasha mashine (kwa Dell unabonyeza F12) inakuletea orodha unachagua ya kujaribu, hard disk haiguswi. Nikaweka antiX, Puppy, Lubuntu na Linux Mint Xfce. Bando linaliwa jamani, Mint peke yake inakaribia GB 3, shushia sehemu yenye Wi-Fi ya uhakika.

Halafu nikamwita dada akae yeye. Nikampa kazi moja tu, andika barua fupi, ihifadhi kwenye flashi yako, itoe flashi, zima mashine, na mimi nikakaa kimya pembeni. Puppy ni nyepesi ajabu, inajipakia yote kwenye RAM, lakini wakati wa kuzima ikaanza kumuuliza maswali ya kuhifadhi kikao (yaani yote aliyofanya tangu aiwashe), akanigeukia, "sasa hapa nijibu nini?" Kwa fundi ni swali la kawaida, kwa mwalimu anayewahi kipindi ni kikwazo. antiX ilikuwa na kasi ila menyu zake nyingi zikamchanganya. Lubuntu aliiweza vizuri tu. Kwenye Mint aliandika, akaenda File, Save As, akaona jina la flashi yake pembeni kushoto, alipomaliza akabonyeza kile kialama cha kutolea flashi pembeni ya jina, akaenda kona ya chini kushoto akazima, hakuniuliza hata neno.

Ikabaki Lubuntu na Mint. Lubuntu 24.04 inasapotiwa miaka 3, yaani mpaka 2027, Mint 22 iko mpaka 2029, na mimi sikai naye mji mmoja kwa hiyo miaka miwili ya ziada ina uzito. Pia Firefox ya Lubuntu inakuja kama snap, kifurushi kinachobeba vitu vyake vyote ndani, ambayo kwenye diski ya kuzunguka inasota kufunguka mara ya kwanza, Mint wanaifungasha kwa njia ya kawaida. Nikachagua Mint.

Kabla ya kuinstoli, hapo hapo kwenye flashi, jaribu sauti, mwanga wa skrini, kufunika mfuniko kisha kufunua, na Wi-Fi. Yake Wi-Fi haikusomwa. Dawa ni simu, unachomeka kwa USB unawasha tethering (simu kuigawia laptopu intaneti), laptopu inapata intaneti, unafungua Driver Manager inakutafutia draiva, unaristati baada ya kuinstoli basi. Mafaili yake yote tulishayahamishia kwenye eksteno (diski ya nje), maana ukichagua Erase disk hakuna kitu kinachobaki.

Hela kidogo iliyokuwepo tuliipeleka kwenye SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240, ile ya inchi 2.5, na kwa kweli hiyo ndo imebadilisha laptopu kuliko kitu kingine chochote, mfumo wowote mwepesi ukiuweka kwenye diski iliyochoka bado utasubiri. Kubadilisha kwenye hizi Latitude ni skrubu chache tu.

Kwa mwalimu kuna la fonti. LibreOffice, ndiyo ya kuandikia badala ya Word, inafungua docx, ila Times New Roman haimo, inawekewa Liberation Serif yenye vipimo vilevile vya herufi, kwa hiyo mistari haihami sana. Mi nikamwekea fonti zenyewe kwa kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer, na nikamwonyesha kitufe cha kutoa PDF kwa ajili ya stationery, mtihani ukiwa PDF majedwali hayavurugiki kwenye kompyuta ya mtu. Na zile flashi zinazorudi kutoka huko folda zote zimegeuka shortcut, kwake virusi hivyo haviwaki maana vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Ila aisafishe kabla ya kumpa mwenzake.

Timeshift nimeiwasha ipige nakala ya mfumo kila wiki, apdeti anabonyeza mwenyewe kile kingao cha chini kulia.

Kama yako ina RAM GB 1, au prosesa ni 32-bit tupu, usijisumbue na Mint 22, hiyo ni 64-bit tu, na hata Debian, Linux nyingine, kuanzia toleo la 13 la Agosti 2025 haitoi tena ya kuinstoli kwenye 32-bit. Hapo ndo antiX inapostahili, antiX 23 ina ISO ya 32-bit, ila kaa na mtumiaji jioni moja mbili umwelekeze zile menyu.