Koloni jeupe si ushahidi: ninavyowapata bakteria waliobeba kipande changu

Ukishaunganisha kipande cha DNA na pUC19, ambayo ni plazimidi (duara dogo la DNA), na kuiingiza kwenye bakteria E. coli wa aina ya DH5α, mbele yako kuna maswali mawili: ni bakteria gani waliopokea plazimidi, na ni nani kati yao mwenye plazimidi iliyobeba kipande. Ampisilini, antibayotiki ambayo plazimidi hubeba kinga dhidi yake, hujibu swali la kwanza. La pili, rangi hulijibu nusu tu, na hapo ndipo wengi hupoteza wiki nzima.

Ampisilini naiandaa kwa miligramu 100 kwa kila mililita ya maji, naichuja kwa kichujio cha maikromita 0.22, kisha natia mililita 1 kwenye lita moja ya agari ya LB (chakula cha bakteria). Nasubiri agari ipoe hadi nyuzi 50 hivi, chupa ikishikika kwa mkono mtupu. Ikitiwa kwenye agari ya moto dawa huharibika, na sahani zitaotesha kila kitu. Sahani nazihifadhi kwenye nyuzi 4, na zikipita mwezi sizitumii.

Baada ya mshtuko wa joto, sekunde 45 kwenye nyuzi 42 na dakika 2 kwenye barafu, naongeza maikrolita 950 za SOC (chakula cha majimaji cha bakteria) na kutikisa saa moja kwenye nyuzi 37. Saa hiyo ndiyo inayowapa bakteria nafasi ya kutengeneza beta-laktamesi, kimeng'enya kinachovunja ampisilini, kabla ya kukutana na dawa. Kwa plazimidi zenye kinga dhidi ya kanamaisini msiifupishe kabisa: dawa hiyo huvuruga utengenezaji wa protini, na kinga yenyewe ni protini.

Kwa ajili ya rangi, napaka juu ya kila sahani maikrolita 40 za X-gal ya miligramu 20 kwa mililita, iliyoyeyushwa kwenye dimethilifomamaidi, pamoja na maikrolita 40 za IPTG (huwasha jeni ya rangi) ya milimola 100 kwa lita, kisha naiacha ikauke gizani. DH5α ana beta-galaktosidesi (kimeng'enya kinachovunja X-gal) pungufu; pUC19 huleta jeni ya sehemu inayokosekana, X-gal ikavunjwa, koloni likawa la buluu. Kipande kikiingia katikati ya jeni hiyo, koloni hubaki jeupe.

Sahani nazitoa kwenye inkubeta baada ya saa 16 hadi 18. Zikizidi hapo utaona koloni kubwa limezungukwa na vijikoloni vidogo kama vumbi. Hao hawana plazimidi. Beta-laktamesi inayovuja kutoka koloni kubwa imeila ampisilini ya jirani, nao wakapata pa kuota. Ni vyeupe, kwa hiyo vinadanganya vizuri sana. Karibenisilini, antibayotiki ya jamii hiyohiyo, kwa kiasi kilekile huvipunguza kwa sababu ni imara zaidi. Kabla ya kuchagua naziweka sahani kwenye jokofu saa moja au mbili, maana koloni changa la buluu linaweza kuonekana jeupe.

Hata hivyo, vekta (plazimidi ya kubebea kipande) ambayo ncha zake zimetafunwa kidogo kisha zikajifunga zenyewe hutoa koloni jeupe lisilo na kipande. Kinyume chake, kipande kifupi ambacho besi zake zinagawanyika kwa 3 bila baki, na hakina kodoni ya kusitisha (alama ya kumaliza protini), kinaweza kuacha buluu hafifu. Hayo hafifu nami huyachukua mawili au matatu.

Sahani za ulinganisho siziachi kamwe. Seli zisizopewa DNA zisiote. Zikiota, ampisilini imekufa. pUC19 isiyokatwa hupima ubora wa seli: pikogramu 100 zikitoa makoloni 100 baada ya kupaka sehemu ya kumi, hiyo ni milioni 10 kwa kila maikrogramu. Vekta iliyokatwa bila ligesi (kimeng'enya kinachounganisha DNA) huonyesha mabaki yasiyokatwa. Vekta yenye ligesi lakini bila kipande huonyesha inayojifunga. Hii ya mwisho ikikaribia idadi ya sahani halisi, acha kuchambua. Rudi ukaziondolee ncha za vekta fosfeti ili isijifunge.

Kisha PCR ya koloni (kunakili DNA mara nyingi), makoloni meupe 8. Ncha ya pipeti inagusa koloni, inachora mstari kwenye sahani mpya yenye namba, halafu inachovywa kwenye mchanganyiko wa maikrolita 20. Chembe isiyoonekana vizuri kwa macho inatosha. Seli nyingi huzuia polimeresi, kimeng'enya kinachonakili. Naanza na dakika 5 za nyuzi 95 ili seli zipasuke. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) ni za M13, zilizo pande zote mbili za kipande: vekta tupu hutoa bendi fupi kwenye jeli. Praima mbili za ndani ya kipande sizitumii, kwa kuwa DNA ya mwunganisho iliyobaki juu ya agari hutoa bendi hata kwa koloni tupu. Nikitaka kujua mwelekeo, moja inakaa kwenye vekta na nyingine ndani.

Makoloni mawili au matatu yaliyofaulu nayakuza usiku kucha kwenye mililita 5 za LB yenye ampisilini. Natoa plazimidi, naikata kwa EcoRI na HindIII, vimeng'enya vya kukata DNA nilivyotumia kuingiza kipande, na kuilinganisha kwenye jeli na isiyokatwa. Natarajia bendi ya jozi za besi takriban 2,700 na ya kipande. Kipande kikiwa na urefu huohuo bendi zitalaliana, basi chagua kimeng'enya kinachokata ndani yake. Kilichotokana na PCR nakisomesha mfuatano kutoka ncha zote mbili, kwani jeli haionyeshi besi moja iliyobadilika. LB hiyohiyo yenye bakteria waliokua, mililita 0.5 pamoja na 0.5 ya gliseroli ya asilimia 50, inaingia friza ya nyuzi hasi 80 siku hiyohiyo.