Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Michezo, Singida

Saa 12:30 asubuhi. Mchakamchaka umeanza. Watoto wanazunguka uwanja wakiimba, na upepo wetu wa Singida unawarudishia vumbi usoni. Naupenda mchakamchaka, unaamsha damu. Tatizo ni wanaodhani ukishakimbia asubuhi, somo la michezo limekwisha. Pale wote wanakwenda mwendo mmoja, mwenye pumu na asiye na pumu, na hakuna anayefundishwa jinsi ya kukimbia.

Saa 1:30. Mstarini. Wimbo wa taifa, matangazo, ukaguzi wa kucha.

Saa 2:40. Darasa la nne, Sanaa na Michezo. Watoto zaidi ya sabini, mipira miwili. Ukiwapangia mechi, kumi watacheza na waliobaki watakaa kivulini kushangilia. Kwa hiyo nawagawa makundi: wengine kamba za katani, wengine matairi ya kuruka, wengine kurushiana na kudaka. Kuruka kunaimarisha mifupa, na umri huu ndio wa kuijenga. Kudaka kunafundisha jicho na mkono kuelewana. Mtoto mmoja leo kila mpira ukitokea kushoto unampita, ukitokea kulia anadaka safi. Wenzake wanamcheka kwamba ni mzembe. Nikamsogeza, nikamfunika jicho la kulia, nikamwonyesha vidole. Akakisia. Darasani amekaa miezi bila mtu kugundua, maana ananakili daftari la jirani.

Saa 4:00. Uji. Mwanafunzi asiyekunywa uji simkimbizi mbio ndefu, namkabidhi saa ya kupimia muda.

Saa 5:20, ofisini. Mwalimu wa hesabu kaja na lugha tamu.

"Madam, niazime darasa la sita kipindi chako. Mtihani wa majaribio uko mlangoni."

"Mwalimu, na mimi nikikuomba kipindi cha hesabu nifundishe kuruka juu, utanipa?"

Akacheka. Sikumpa. Hivi vipindi vikiazimwa huwa havirudi. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na hata nikipewa kila kipindi changu cha ratiba sifikishi. Ninachoweza ni kuwapa ujuzi na hamu ya kuendelea wenyewe nyumbani.

Saa 6:40. Darasa la sita. Kwanza kila mmoja anatafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, anahesabu kwa sekunde 15, anazidisha mara nne. Wanakimbia, wanahesabu tena. Kuna waliokwama kwenye 23 mara nne, wakatumia vidole. (Mwalimu wa hesabu alikuwa dirishani. Nilimpungia mkono.)

Kisha mbio fupi. Kosa lao kubwa ni kupunguza mwendo kabla ya mstari. Nikawasimulia Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alivyoshinda marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025: yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Mbio zilizofuata, kila kifua kilitangulia mstarini. Wawili walianguka, wakaamka wanacheka.

Saa 9:30. Mazoezi ya netiboli kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Nawapenda wasichana hawa, ila ni wachache waliochaguliwa kwa vipaji. Shule ikishinda kombe, bado haijathibitisha kwamba mtoto wa kawaida amefundishwa michezo.

Saa 10:45. Mama wa yule mtoto wa darasa la nne amefika, kijasho chembamba.

"Shikamoo mwalimu. Amefanya utundu gani tena?"

"Marahaba mama. Hajafanya kosa. Nina wasiwasi na jicho lake la kushoto."

Tumekubaliana ampeleke hospitali ya mkoa wiki hii. Akauliza kama itabidi aache mpira. Nikamwambia hapana, na kuanzia kesho mwalimu wa darasa atamhamishia dawati la mbele.